Darasa la Kuchekesha Bila Kinong'onezi

Siku hizi kila mtu huvaa kinong'onezi sikioni, kidude kinachomwambia aseme nini. Ukikivua, nyumba yako yote hukatiwa maji; wakivua wawili, askari huja mlangoni. Mimi nimekivua, uzee wangu huu, nikaanza kuhudhuria darasa la kuchekesha papo kwa papo. Nataka jukwaa kabla ya kaburi.

Asubuhi Somoe, mke wa mwanangu, akakuta bomba kavu. "Mama, tafadhali kivae," akasema kwa ile sauti yake tamu ya siku zote.

"Hayo umeambiwa. Wewe mwenyewe wasemaje?"

Akainama kuchungulia bomba. Nikamtegea:

"Kitendawili!"

"Tega."

"Nyumba yangu ina watu sita, msemaji mmoja."

Akasubiri kunong'onezwa. Wapi! Nilikuwa nimekitunga pale pale, kama tunavyofundishwa.

"Umeshindwa? Nipe mji."

Somoe akakivua chake taratibu. "Nakupa Tanga yote, mama, na ukanywe maji huko huko, king'ang'anizi wee!" Akaangua kicheko kibaya kama bati likikwaruzwa. Miaka yote hiyo, sikuwahi kukisikia.

Mlango ukagongwa kwa nguvu. Tukatazamana, hakuna wa kutuambia tuseme nini.

Nikajifunga khanga, nikaenda kufungua.