Amepona Mara Tano

Daktari Kisanga alipanga majarida matano ya utabibu mbele ya Bi Mwanawetu. "Tafiti tano, mama, na zote zinaisifu dawa hii ya sonona. Itamfaa huyu binti yako mdogo."

Bi Mwanawetu alisoma taratibu. Jarida la kwanza lilimsimulia fundi cherehani asiye na kidole gumba cha kushoto, aliyerudi kazini akiimba baada ya wiki sita za dawa hiyo. La pili nalo lilimsimulia huyohuyo, mpaka la tano.

"Huyu ni marehemu Zawena, binti yangu mkubwa," alisema. "Humu amepona mara tano. Mimi nilimzika wiki ya nane."

Daktari aliyalinganisha majarida. "Wagonjwa ni walewale," alinong'ona.

Kwenye cheti cha dawa, chini ya jina la binti mdogo, daktari alikuwa ameshaandika nusu ya jina la dawa hiyo.