Figa la Tatu

Bi Nakiete aliwaona maofisa wawili wakishuka kwenye matuta ya mawe, yale yaliyojengwa na mababu na sasa yanalindwa. Kila jiwe la ukingoni walikuwa wamelipaka alama nyeupe. Atakayeondoa hata moja, walisema mkutanoni, atahamishwa bondeni.

Na jiwe moja lilikuwa jikoni kwake. Figa lake la tatu lilipasuka juzi, na kwao figa halitolewi popote ila kwenye tuta la ukoo. Alikwenda kulichukua bila kufikiri, kama mama mkwe wake alivyofanya zamani. Alama aliigeuzia motoni, lakini ukingo wake mweupe ulichungulia.

Ofisa aitwaye Mzava alisimama mlangoni mwa jiko, akikohoa.

"Shikamoo, mama. Naomba maji."

"Marahaba, baba."

Kwa kile kikohozi, alimpa uji wa moto badala ya maji. Mzava alikipokea kikombe kwa mikono miwili, akachuchumaa karibu na moto. Macho yake yakatua kwenye figa, yakabaki hapo.

"Mzava," mwenzake aliita kutoka kwenye tuta. "Hapa pana pengo. Huko umeona jiwe?"

Bi Nakiete alikaza kanga kifuani.

"Ngoja nimalize uji," Mzava alijibu.

Akaokota kijiti, akaanza kusogeza majivu, kidogo kidogo, kuelekea ule weupe. Nje, nyayo za mwenzake zilikuwa zinashuka.