Msumari wa Geti la Uwanja

"Kapteni, ligi imeweka kikomo cha mishahara," alisema katibu wa timu, Bi Mashavu. "Ukidai mshahara wako wote, kipa wetu hasajiliki. Ukikubali nusu, mnabaki wote. Dirisha la usajili linafungwa saa kumi."

Simu ya kapteni Sekiete ikatetemeka mara ya tisa. Timu ya ng'ambo ya mto bado ilikuwa na nafasi, na ilimtaka kwa mshahara kamili.

Nje, mji mzima ulikuwa umebana pumzi mpaka bendera za uwanja zikalala. Macho yote yalikuwa kwenye msumari wa geti, ambapo mchezaji anayehama hutundika njumu zake.

Saa kumi kasoro dakika mbili, Sekiete akatoka na njumu mkononi, mkataba wa nusu mshahara ukiwa mfukoni bila saini, na kalamu aliyopewa na Bi Mashavu ikiwa sikioni.

"Kapteni, usitufanyie hivyo!" muuza karanga akapaza sauti. "Mwanangu nimempa jina lako!"

"Na wa kwangu, mama, watakula jina?"

Sekiete akatundika kiatu kimoja. Umati ukaguna.

Cha pili akabaki nacho, kamba zikining'inia, na kalamu ya Bi Mashavu ingali imechomekwa sikioni mwa Sekiete, ikisubiri saini.