Herufi Ndogo

Kwa siku ya nne, programu ya simu aliyoitengeneza Tumpe ilikataa kukamilika. Kila alipoiendesha, kompyuta ilimjibu kwa mistari myekundu.

Baba yake, Mzee Mwakalinga, alikuwa amekaa kando yake. Kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya usemi na nguvu za mkono wa kulia. Tumpe alikuwa amekusanya ujumbe wa sauti ambao mzee aliwahi kuwatumia wanawe, akaukata neno moja moja, na kila neno akalipa picha yake. Mzee angegusa picha, simu imsemee kwa sauti yake mwenyewe.

"Dada, pumzika," alisema mdogo wake, Sekela. "Tumtafutie ubao aandike."

"Ubao si upo? Hawezi kushika chaki."

Tumpe aliusoma tena ule ujumbe wa kosa, safari hii mpaka mwisho. Majina ya mafaili yawe ya herufi ndogo tu. Akatazama yake: Baba_maji, Baba_chai, Baba_ndiyo. Yote arobaini aliyaanza kwa herufi kubwa, kwa heshima, kama anavyoandika barua.

"Nisamehe, Baba," alinong'ona, akaanza kuyabadilisha moja baada ya jingine.

Programu ikakubali. Mgongo ulimuuma mno hata asiweze kushangilia. Akamwekea mzee simu mapajani.

Mzee akagusa picha ya kikombe.

"Chai," ilisema sauti yake ya zamani, nzito na yenye afya.

Sekela aliinuka kwenda jikoni. Mzee akamzuia kwa mkono wake mzima, akagusa tena kikombe, kisha akainamisha sikio karibu na simu, macho ameyafumba.