Daftari la Waume

Haya niliambiwa na Kiende mwenyewe, Agosti ya mwaka jana, tukimenya ndizi kwenye matanga ya jirani. Alianza na mchwa, nami naanza hapo hapo.

Mchwa walikuwa wamekula herufi M. Karani alimfungulia Kiende daftari la ndoa za zamani, akamwonyesha. Majina ya waume yalifuatana vizuri hadi Murithi, kisha kurasa zikawa udongo mtupu, kisha yakaanza tena kwa Mwongera. Mutembei, ambaye Kiende alimhesabu kuwa babu yake na ndiye aliyetafutwa, angekuwa hapo katikati.

"Labda alikuwemo, labda hakuwemo," karani akasema. "Mchwa hawaandiki wanachokula."

Daftari hilo ndilo lililoonyesha namba ya cheti, na bila namba hakuna cheti. Ilikuwa Jumatano. Kiende alikuwa amepewa na chifu hadi Ijumaa saa sita mchana.

Kanana, nyanya yake aliyemzaa mama yake, alikuwa mochari siku ya tisa. Aliomba azikwe nyumbani, karibu na Nkubu, kwenye shamba alilolima miaka arobaini na mitano. Lakini kaka yake, mzee Bundi, alikuja kutoka Muthara akasema dada yake hakuolewa na mtu yeyote, na mwanamke ambaye hajaolewa huzikwa kwao.

Chifu akaita kikao. Bundi hakupaza sauti. Alisema tu kama kuna cheti kiletwe, na kama hakuna, basi huyo mume aje aseme mwenyewe. Wazee aliokuja nao wakacheka kile kicheko cha puani. Kiende aliona ni ukatili, kumwita Mutembei na kaburi lake liko pale kando ya kahawa, msalaba wake hata haukuandikwa mwaka.

Hapo ndipo Karwirwa aliposimama. Karwirwa alikuwa nyanya mkubwa wa boma, mjane wa Mutembei, mama wa miaka themanini na kitu ambaye yeye mwenyewe hakujaliwa mtoto. Alikaa na Kanana tangu Kanana alipoletwa pale msichana. Aliegemea fimbo yake, akafungua mdomo. Chifu akamwambia kwa heshima, "Mama, kaa kwanza, wanaume wamalize." Kiende akamvuta sweta polepole, akakaa.

Waliporudi nyumbani, Kiende alimuuliza kama alikuwepo Kanana akiolewa.

"Nilikuwepo. Mtamba mmoja, kondoo wawili, na asali. Mwaka wa sitini na sita. Huyo Bundi alilamba asali mpaka kwenye kiwiko."

"Na cheti, nyanya mkubwa?"

"Mambo ya karatasi sijui. Yetu ilikuwa ya asali."

Kiende alilelewa Embu na baba yake, baada ya mama yake kufariki. Huko alizoea kwamba kitu kisipoandikwa hakipo. Kwa hivyo, mchwa walipomshinda Jumatano, Alhamisi alikuwa Embu, ambako aliambiwa kuna nakala za madaftari ya zamani.

Karani wa huko alikuwa Mmbeere, mzee Kithaka, amebakiza miezi michache astaafu. Alimtolea nakala. Herufi M ilikuwa nzima, haina hata tundu. Walisoma pamoja, kidole chake juu, kidole cha Kiende chini. Mutembei hakuwemo. Wakarudi nyuma miaka miwili, wakaenda mbele miaka mitatu. Hakuwemo.

Mzee akamhurumia. Akaingia stoo, akatoka na daftari jingine akilipangusa kwa mkono wa koti. Alipekua kurasa muda mrefu. Kisha akasema, "Mutembei wa upande wa Nkubu. Huyu hapa."

Kiende akaruka kutoka kwenye benchi.

"Ngoja kwanza," Kithaka akasema. "Hili ni daftari la vifo. Machi, hamsini na tisa. Nyanya yako aliolewa lini?"

Kiende akamwambia.

Mzee akalifunga lile daftari taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa. "Mwanangu," akasema, "maiti haendi kuposa."

Njia yote ya kurudi Kiende aliwaza kitu kimoja: kwamba mama yake alizaliwa nje ya ndoa, na kwamba Bundi alisema kweli. Ijumaa alisimama kwenye geti la mochari mikono mitupu. Saa sita ilipofika, vijana wa Bundi walipakia jeneza kwenye pikapu. Bundi alimpa Kiende mkono wa pole. Pikapu ikashika njia ya Muthara.

Nyumbani alimkuta Karwirwa ameketi ukingoni mwa kitanda, jua lingali kwenye kahawa. Vikombe vya wageni wa mazishi alikuwa ameviosha vyote, akavifunika na kitambaa.

"Wamempeleka?"

"Wamempeleka."

Ndipo Kiende akasema, kwa hasira ambayo baadaye aliijutia, kwamba ameona daftari, kwamba Mutembei alikuwa amekufa miaka saba kabla ya hiyo asali, kwamba ametembezwa ofisi mbili kama mjinga kutafuta mume ambaye hayuko. "Na ulijua, nyanya mkubwa. Mbona hukusema?"

Karwirwa aliangalia mlango, pale Kanana alipozoea kuacha viatu vyake vya shamba.

"Bundi alimwita mume aje aseme, nikasimama," akasema. "Ukanivuta sweta."

Kisha mume wa Kanana akajilaza, akajifunika blanketi, akalala.