Rufaa ya Kidachi

Akida wa serikali ya Wajerumani alimaliza kusoma amri mpya: mgeni aliyeamriwa kuhama Korogwe hatasikilizwa tena barazani mbele ya mashahidi wake. Atapeleka rufaa Tanga, kwa barua ya Kidachi, yaani Kijerumani, ndani ya siku saba.

"Nani anapinga?" akauliza. Askari akakikaza kiboko mkononi.

Zamda alimtazama mumewe, Mnyamwezi aliyekuja kujenga reli akabaki kulima naye, na sasa ameamriwa kuhama. Akasimama.

"Shikamoo, Akida. Mume wangu hajui kusoma hata Kiswahili. Mashahidi wake ni hawa waliotusaidia kuzika mtoto wetu. Barua itawajuaje?"

Akida akachovya kalamu kwenye wino. "Jina lako?"

Nyuma ya Zamda akasimama kaka yake, aliyeipinga ndoa ile miaka yote.

"Andika langu kwanza," akasema.