Kibanio Namba Sita

Kabla ya kuitia majini meli yake ndogo ya mbao, fundi viatu alichomoa kibanio cha nguo chenye namba sita kutoka kwenye ubao, akakibana kwenye ukosi wa shati, kisha akatazama ng'ambo ya bwawa kuhakikisha kaka yake ameona.

Kaka mtu, kinyozi, alikuwa amekaa peke yake kwenye benchi. Mfuko wa kazi magotini, gazeti juu ya mfuko, mikono chini ya gazeti. Meli hakuja nayo. Gazeti lenyewe hakuwa analisoma.

Sheria ya pale bwawani ilikuwa moja tu. Rimoti mbili za namba ileile ya mawimbi zikiwashwa pamoja, meli husikia amri za zote mbili na kurukwa na akili. Kwa hiyo kila namba ilikuwa na kibanio kimoja, na asiye na kibanio hawashi. Ndugu hawa walinunua rimoti zao siku moja, duka moja, zote namba sita. Miaka tisa iliyopita, meli ya kivita waliyoijenga pamoja ilijibamiza kwenye ukuta wa saruji ikazama mbele ya watu, na rimoti zote mbili zikakutwa zimewashwa. Kila mmoja aliapa kwamba zamu ilikuwa yake. Hawakusemezana tena. Fundi viatu hunyolewa na mkewe, na inaonekana. Kinyozi naye hutembea na soli iliyoachia, inayopiga makofi kila hatua.

"Mkono wake unatetemeka," kinyozi aliwaambia wateja wake siku ile. "Apewe sindano, usukani hauwezi." Maneno yale yalimfikia fundi kabla nywele hazijafagiwa, na hayajamtoka moyoni mpaka leo.

Ndiyo maana meli hii aliijenga peke yake, miaka miwili, kwenye meza ileile ya kushonea viatu. Mbavu alizikata kwa msumeno wa mkono kutoka kwenye mbao za kreti. Akazivika vipande vyembamba alivyovipiga tupa na msasa hadi ncha za vidole zikawa laini kama za mtoto. Mizinga ilikuwa mirija ya kalamu. Nguzo za ukingo wa sitaha zilikuwa pini za mkewe, ambazo mkewe bado anazitafuta. Mota ilitoka kwenye feni mbovu, na tumboni ikalala betri ya pikipiki. Cha zamani kilikuwa kimoja tu, kisanduku cha kupokea mawimbi, alichokiopoa kwenye ile iliyozama. Kila alipomaliza kuijaribu meli kwenye beseni alitoa betri za rimoti akaziweka dirishani, zisiishe bure. Alikuwa mtu wa mpango, isipokuwa asubuhi akiwa na haraka.

Sasa alikuwa na hofu moja, nayo ilikaa ng'ambo na gazeti. Kinyozi akibonyeza tu, miaka miwili inaishia ukutani.

"Hebu mwangalie yule," alimwambia mlinzi wa bwawa. "Ndani ya ule mfuko mna nini?"

"Mikasi, nadhani," mlinzi akasema. "Si kinyozi?"

Fundi alivuta antena, akawasha. Taa ya rimoti iliungua zamani na hakuna aliyeijali. Rimoti ilikuwa nyepesi mkononi, akadhani ni raha ya siku yenyewe. Akasukuma kijiti mbele.

Meli haikutikisika. Mtu mmoja akakohoa. Fundi akasukuma tena, jasho likimteremka mgongoni, akaona aibu ya miaka tisa iliyopita inarudi na viatu vyake. Meli ikakaa kidogo, kama mtu anayefikiria la kujibu, kisha ikaondoka.

Ikaondoka vizuri. Alipopinda kushoto nayo ilipinda kushoto, ila kwa kuchelewa kidogo. Akaona ni uzito wa betri ya pikipiki. Karibu na bomba linalotoa maji bwawani aliingiwa na kiwewe, akabonyeza kulia, na kulia ndiko kulikokuwa na bomba. Meli ikaenda kushoto, ikazunguka kwa mbali, ikapita salama.

"Upepo," aliwaeleza waliosimama karibu naye. Wakatazama majani ya miti. Hayakuwa yakicheza.

Kurudi, meli iligeuka taratibu na kuingia kwenye gati kinyumenyume, ikagusa ubao bila sauti. Kuegesha kinyumenyume kulimshinda fundi tangu ujana. Leo kumekubali, akajisemea, mazoezi ya beseni si mchezo.

Watu walipiga makofi. "Mkono huo hautetemeki hata chembe, mzee," mlinzi akasema.

Miaka tisa fundi alikuwa akiyangoja maneno hayo, ila kutoka mdomo mwingine. Akainua rimoti juu.

"Umeona?" akapaza sauti kuelekea ng'ambo.

"Nimeona," kinyozi akajibu. Lilikuwa neno lake la kwanza kwa mdogo wake tangu meli ile izame.

Hapo ndipo mke wa fundi alipofika, akihema, ngumi moja ameifumba.

"Nimekuja mbio, nikajua utakuwa umekwama mbele za watu," akasema, akimwekea kitu kiganjani. "Ulizisahau dirishani. Zote nne."

Fundi alizitazama betri. Akaigeuza rimoti, akafungua kifuniko cha nyuma. Mlikuwa na vumbi tu.

Ng'ambo, kinyozi alikuwa akiirudisha antena yake ndani, pingili moja moja. Akaifunika kwa gazeti, akafunga mfuko, akaondoka, soli ikipiga makofi.